Sahani Hairudi Tupu

Jina la nchi yetu sitalitaja, si kwa hofu, bali kwa sababu kwa sasa halipo. Limepelekwa kwenye Kamati ya Majina likafanyiwe ukarabati, na wananchi tumeombwa tuwe na subira. Anayetaka kutuandikia barua aandike "kule kule", itafika.

Mji wetu mkuu ni mji wa kale. Una ngome, una jumba la wafalme, una vichochoro ambavyo watu wawili wanene wakikutana, mmoja wao hulazimika kuahirisha safari. Na kwa kuwa serikali yetu inathamini mambo ya kale kuliko serikali nyingine yoyote, imeyachukua majengo yote ya kale ikayafanya ofisi. Ngome ni ya Zimamoto. Jumba la wafalme ni Makumbusho ya Taifa, isipokuwa vyumba vinavyopata upepo, ambavyo ni vya wakurugenzi. Forodha kongwe ni Wizara ya Urithi na Ladha, na humo ndimo nilimoajiriwa mimi, Sefu Mkambala, Mwongozaji wa Wageni, Daraja la Tatu. Daraja hilo linaniruhusu kuonyesha vitu kwa mkono wote. Kuonyesha kwa kidole ni Daraja la Pili, na bado ninalisomea.

Haya ninayoyasimulia niliyashuhudia nikiwa kazini, na ninayasimulia kwa nia ya kuisifu serikali. Msomaji akiona mahali ambapo sifa haikukaa sawa, ajue ni macho yake.

*

Mwaka huo sukari ilikuwa haionekani. Ninasema haionekani, sisemi imekwisha, maana Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Songoro, alishafafanua redioni kwamba sukari ya nchi yetu ipo, ila imepumzishwa. "Imetutumikia miaka mingi bila likizo," alisema, "na nchi yenye utu haiwezi kuitumikisha mpaka ikafa." Tulimpigia makofi, kisha tukarudi kwenye chai yetu chungu.

Majirani zetu wa Visiwani, wao sukari wanayo mpaka wanaikanyaga. Malkia wao akakubali kuja kututembelea, na alituma salamu fupi. Hataki gwaride wala mizinga. Anataka kutembezwa kwa miguu katika mji wa kale, aonje vitamu vyake kimoja kimoja, na mwisho wa yote apewe ile halwa aliyoila siku ya arusi yake, iliyopelekwa kwao kutoka mjini kwetu. Akiipata hiyo, alisema, mazungumzo ya sukari yatakuwa mepesi.

Waziri alifurahi sana. Papo hapo aliunda Kamati ya Matembezi ya Kitaifa ya Kuonja Utamu, nami nikapewa kofia na kibendera.

Palikuwa na tatizo moja tu, tena dogo. Halwa ile ilipikwa na ukoo mmoja, na mpishi pekee aliyebaki katika ukoo huo, Bi Mwanakheri, serikali ilikuwa imemkataza kupika.

*

Hapa nieleze kwa haki, maana watu hupenda kuilaumu serikali kabla ya kusikia upande wake. Bi Mwanakheri hakukatazwa kwa chuki. Alikatazwa kwa heshima. Wataalamu wa Wizara waliingia jikoni mwake, wakaziona kuta zilivyoiva kwa moshi wa bibi yake na wa bibi wa bibi yake, wakatokwa na machozi, na walipopata pumzi wakalitangaza kuwa Jiko la Kihistoria. Sasa, sheria ya urithi inasema ndani ya jengo la kihistoria hauwashwi moto. Kwa hiyo jiko likafungwa, ili lisije likapoteza sifa yake ya kuwa jiko. Ufunguo ukachukuliwa na Zimamoto. Sufuria kubwa ya shaba, ambayo bila hiyo halwa haipikiki, ikapelekwa Makumbusho pamoja na mwiko wake mrefu kama kasia. Mlangoni pakapigiliwa kibao cha mbao: JIKO HAI LA TAIFA. MARUFUKU KUPIKA.

Bi Mwanakheri ni mwanamke mfupi, wa sauti ya chini na ulimi wa pilipili. Hakupiga kelele. Alifanya kama afanyavyo kila mtu wa mji wetu mwenye haja yake ofisini. Alitia kwenye sahani halwa iliyokuwa imembakia, akaifunika kwa kawa, akaenda.

Na hapa pia nieleze. Katika nchi yetu rushwa ni kosa kubwa, watu wamefungwa kwa ajili yake, hasa waliokataa kuitoa. Lakini kitu kilichofunikwa kwa kawa si rushwa. Hicho ni ujirani.

Sahani zenyewe zilikuwa za arusi yake, nyeupe, zenye waridi jekundu katikati na ukingo wa dhahabu. Moja ilikwenda Zimamoto. Kamanda alikula, akalamba vidole, akamwambia aje kesho. Nyingine ilikwenda Makumbusho. Mkurugenzi alikula, akamwambia aje kesho alasiri. Nyingine ilikwenda kwa Waziri mwenyewe, ambaye alikula akiwa amefumba macho, akasema, "Suala lako linanikosesha usingizi, mama," kisha akabaki vile vile na macho yake yaliyofumbwa mpaka katibu wake akamtoa Bi Mwanakheri kwa kunyata. Halwa ilipokwisha alipeleka vileja alivyooka kwenye jiko la jirani. Baada ya vileja, kashata. Aliendelea mpaka kabatini kwake hapakusalia hata kisosi, na hapo ndipo alipoacha kwenda. Hakukata tamaa, alikosa chombo.

Hakuna sahani iliyorudi. Siku moja nilipita barazani kwake, akaniita.

"Sefu mwanangu, ufunguo mmeumeza, sufuria mmeimeza, na sahani zangu nazo mmezimeza?"

"Zipo salama, bibi," nilimjibu. "Zinatumika."

"Mie bila sahani naweza kula juu ya jani la mgomba, sitakufa. Hili linaloniuma ni mkono." Akaunyoosha mkono wake wa kulia, akautazama. "Halwa haikuandikwa popote, mwanangu. Imo humu. Mkono wa kukoroga ukikaa bure unasahau, na nikisahau mie, imekwenda. Mjukuu wangu nimfundishe kwa hewa?"

Nilimhurumia, kwa kweli. Niliona jinsi alivyokuwa haelewi mambo ya serikali.

*

Siku ya matembezi jua lilitoka kwa wakati, na Waziri akalishukuru katika hotuba yake. Malkia wa Visiwa alikuwa mama mtu mzima, amejifunga leso, miguuni kavaa ndara. Waziri alitazama ndara zile, kisha akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemvisha.

Kituo cha kwanza kilikuwa ngomeni, kwa Zimamoto, ambako Malkia angeonja kaimati. Kaimati zilikuwapo, moto moto, zenye shira iliyotengenezwa kwa sukari ya mwisho ya Ikulu. Lakini usalama wa mgeni ni jambo zito. Mgeni hawezi kuonja kitu ambacho hakijaonjwa, na kuonja huenda kwa cheo. Waziri alionja. Naibu Waziri akaonja ili kuthibitisha alichokionja Waziri. Katibu Mkuu akaonja kwa niaba ya watumishi. Kamanda akaonja kwa kuwa ndiye mwenyeji, na dereva wa Waziri akaonja kwa kuwa alikuwa karibu. Sahani ilipomfikia Malkia ilikuwa tupu.

"Bibi Malkia," nilisema, nikinyoosha mkono wote, "hapa ndipo zilipokuwa kaimati."

Malkia aliinamia sahani. Katikati palikuwa na waridi jekundu. "Sahani nzuri," alisema. "Na majivu haya pembeni?"

Kamanda wa Zimamoto akaeleza kwamba siku za kawaida huzimia sigara humo.

Kituo cha pili kilikuwa Makumbusho, kwa ajili ya mkate wa kumimina. Mkate ulikuwa mzuri, wa rangi ya dhahabu, umekaa juu ya sahani yenye waridi jekundu, ndani ya kabati la kioo. Kikaratasi kilisema: Sahani ya kale. Karne haijulikani. Mwenyewe hajulikani. Mkurugenzi alisikitika kwamba kabati halifunguki, kwa kuwa mshika funguo yuko masomoni ng'ambo, na akamkaribisha Malkia auonje mkate kwa macho. Kando palikuwa na sufuria kubwa ya shaba iliyozungushiwa kamba nyekundu, na ndani yake miavuli ya wafanyakazi.

"Mwanangu," Malkia alininong'oneza, "mie nina njaa."

Nilitazama ratiba. Nikamhakikishia kwamba kwa saa ile njaa ilikuwa mahali pake.

*

Kituo cha tatu kilikuwa Wizarani kwetu, na hapo ndipo palipoandaliwa halwa. Sahani yenye waridi, ambayo kwa kawaida hukinga maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha Waziri, ilikuwa imefutwa vizuri. Juu yake palikuwa na kitu chekundu kinachometameta. Kilipikwa katika Karakana ya Serikali, chini ya usimamizi wa wahandisi, kwa wanga, rangi na nia njema.

"Mtukufu Malkia," alisema Waziri akiwa amesimama, mkono kifuani, "taifa lisilo na halwa ni mwili usio na ulimi. Wahenga wetu walikoroga. Sisi tunakoroga. Na wajukuu wetu, kwa sera madhubuti za serikali hii, watakorogwa!"

Tulishangilia. Wakati huo Malkia alikuwa ameshika kipande. Alikivuta, nacho kikamvuta. Hatimaye alifanikiwa kukitia kinywani, akatafuna kuanzia aya ya pili ya hotuba mpaka shukrani, kisha akakitoa kwa adabu kwenye ncha ya leso.

"Hii si ile," alisema.

"Ni bora kuliko ile, Mtukufu," alijibu Waziri. "Ile ilikuwa ikiliwa inakwisha."

Nilimwona Katibu Mkuu akimeza mate, na nilijua anaifikiria chai yake. Malkia aliikagua sahani upande huu na upande ule.

"Waridi hili nimeliona ngomeni, nimeliona Makumbusho, sasa naliona hapa. Mwenye sahani hizi ni nani?"

Waziri alinikonyeza ninyamaze. Lakini kanuni ya kwanza ya Mwongozaji ni kwamba mgeni akiuliza hujibiwa, na kanuni hiyo ameitia saini Waziri mwenyewe. Nikanyoosha mkono wote kuelekea uchochoro wa nyuma.

*

Tulimkuta Bi Mwanakheri barazani, chini ya kibao, anachambua mchele. Hakusimama. Alisogeza ungo, akampa Malkia nafasi ya kukaa, na Malkia akakaa. Msafara wote tulibaki kwenye jua.

"Mwenzangu," alisema Malkia, "zile sahani za waridi ni zako?"

"Ni zangu. Ziko serikalini."

"Zinafanya nini huko?"

"Hilo waulize wao. Mie nilizipeleka na kitu juu yake."

Malkia akamgeukia Waziri. "Mheshimiwa, kwetu Visiwani sahani ya jirani hairudi tupu. Ukiletewa mchuzi, unarudisha na chochote, hata kama ni ndimu mbili. Sijui nyie hapa."

Waziri alitabasamu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa ameulizwa jambo analolijua.

"Na sisi ni hivyo hivyo, Mtukufu. Hiyo ni mila yetu tangu enzi za mababu, na ndiyo sababu hatukuzirudisha. Tulitafuta cha kutia tukakosa. Kumrudishia mtu sahani tupu ni utovu wa adabu, na serikali yangu haiwezi kumvunjia adabu mwananchi."

Maafisa tulitikisa vichwa kukubali. Sikuwahi kuisikia sera yetu ikielezwa vizuri namna ile, na nilijisikia fahari mpaka kofia ikanibana. Bi Mwanakheri aliacha kuchambua mchele.

"Kumbe ni kukosa cha kutia tu," alisema Malkia, akiinuka na kuvaa ndara zake. "Basi si neno. Twendeni tukatafute."

Waziri alieleza kwamba ratiba haina kifungu cha kurudi kwa njia tuliyojia. Alikuwa akikieleza kisogo cha Malkia.

*

Ngomeni, Kamanda alimwaga majivu, akaifuta sahani kwa kofia yake, akaanza kufungua mitoto ya meza mbele ya mgeni. Alitoa filimbi, akaiweka juu ya waridi.

"Ulikula halwa," alisema Malkia, "unarudisha filimbi?"

Kamanda akapekua tena, akatokwa na jasho, mpaka chini kabisa akaukuta ufunguo wenye uzi mwekundu. Aliutazama kama anayejaribu kukumbuka jina la mtu. "Huu hapa ofisini hauna kazi," alisema. Akautia.

Makumbusho, mshika funguo aliyekuwa masomoni ng'ambo alipatikana chumba cha pili, amelala. Kabati likafunguliwa. Mkate wa kumimina ulikuwa wa plasta, na Mkurugenzi akasema sasa anaelewa kwa nini haujawahi kuchacha. Cha kutia alikiona mwenyewe bila kuambiwa. Alitoa miavuli, na kwa kuwa sufuria ya shaba haikuingia kwenye sahani, sahani ikaingia kwenye sufuria, mwiko ukalazwa juu, na wakurugenzi wadogo wakaibeba kwenye mabega yao.

Ikabaki sahani ya Waziri. Kwanza aliweka picha yake, yenye fremu. Malkia aliitazama picha, kisha akamtazama Waziri. Waziri aliiondoa. Alizunguka ofisi nzima, na nilimwonea huruma, maana ilikuwa ofisi kubwa na ndani yake hamkuwa na chochote cha kumfaa mtu. Mwisho aliagiza kile kibao cha mlangoni kwa Bi Mwanakheri king'olewe, kiletwe pale. Kilikuwa kirefu kuliko sahani, kwa hiyo Naibu Waziri alishika sahani mkono huu na kibao mkono ule, na tukarudi uchochoroni kwa mstari, watu wakitutazama madirishani. Sahani zile zilizosalia katika ofisi nyingine zilianza kujileta zenyewe, kila moja na kitu juu yake: limau, kibiriti, kitenge kipya. Habari husafiri haraka katika vichochoro vyembamba.

Bi Mwanakheri alipokea ufunguo wake. Aliufungua mlango, akasimama kizingitini muda mrefu, ametupa mgongo.

"Moshi," alisema alipogeuka, akifuta macho. Moto ulikuwa bado haujawashwa.

*

Sukari alikuwa nayo Malkia, kwenye mizigo yake. Redio yetu husikika mpaka Visiwani. Samli, iliki na zafarani zikatoka kwa majirani. Kibao cha Wizara kilipasuliwa kikawashia moto, na kiliwaka vizuri kwa sababu kilikuwa cha mbao kavu ya serikali.

Bi Mwanakheri alishika mwiko. Mwanzo mwiko uligonga ukingo wa sufuria, na nilimwona akiuogopa mkono wake. Alikoroga taratibu, kama anayetafuta kitu gizani kwa vidole, kisha bega likashuka, kiwiko kikalegea, mwiko ukaanza kwenda wenyewe. "Imo," alisema kwa sauti ya chini. "Mkono haujasahau." Akamwita mjukuu wake, akamwekea mikono juu ya mwiko chini ya mikono yake. Halwa hutaka nguvu, kwa hiyo kila aliyekuwa karibu alishikishwa zamu, akiwemo Waziri, ambaye kwa mara ya kwanza nilimwona akifanya kazi, na nikiri kwamba ilimpendeza.

Ilipoiva, Naibu Waziri alisogea na kijiko, kwa ajili ya usalama. Bi Mwanakheri alimtazama tu. Kijiko kikarudi mfukoni.

Malkia alikula kwanza. Alikula kimya, pole pole, na kahawa chungu pembeni, na machozi yakamshuka bila kuyajali. "Ndiyo yenyewe," alisema. Nami nilipewa kipande. Sina cheo cha kukielezea, ila nilimkumbuka mama yangu.

Jioni Malkia aliondoka na sahani ya waridi, imejaa, imefunikwa kwa kawa.

*

Meli ya sukari ilikuja baada ya muda mfupi, na Waziri alikwenda bandarini na bendi. Hotuba yake ya ushindi ilikuwa nene. Nahodha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akateremsha sahani moja yenye waridi jekundu, na nyuma ya sahani, magunia.

"Malkia anarudisha sahani," alisema. "Kaniambia niipeleke kwa mwenyewe."

Sheria zetu zilipekuliwa zote. Hakuna hata moja inayosema kilichomo kwenye sahani ya mtu ni cha serikali. Magunia yakaenda uchochoroni, yakapangwa jikoni mpaka darini. Majirani wakaanza kunywa chai tamu. Ikulu wakaendelea na chungu.

Ndipo asubuhi moja nilipomwona Mheshimiwa Daktari Songoro akiingia uchochoroni kwa miguu, bila dereva, amebeba sahani kutoka nyumbani kwake, imefunikwa kwa kawa. Alingoja barazani mpaka akaitwa. Bi Mwanakheri alifunua, akakuta biskuti. Alikula moja, akafumba macho, akaisifu.

"Suala lako linanikosesha usingizi, baba," alimwambia. "Njoo kesho."

Bado anakuja. Mimi hupita pale kila siku na wageni, maana matembezi yetu yamepata sifa, na sasa mwisho wake kuna kitu cha kula kweli. Sahani ya Waziri iko dirishani, Bi Mwanakheri anatilia maganda ya iliki. Wageni huniuliza mbona hairudishi. Ninawaeleza, kwa mkono wote, kwamba yule ni mtu mwenye adabu zake, na bado anatafuta cha kutia.